Moto Niliouzima

Mtu akinisifu kwamba nina tahadhari, hutazama pembeni. Tahadhari yangu imeshawahi kumshindisha njaa mzee wa watu, tena siku ya sikukuu.

Wakati huo nilikuwa nimepanga besimenti, chumba cha chini ya nyumba, kwa familia moja ya Kiyahudi huko Saint Paul, watu walioshika dini hasa. Ngazi za kushukia kwangu zilianzia jikoni kwao, kwa hiyo kila nikiingia au kutoka nilipita katikati ya masufuria yao. Mama mwenye nyumba hakuwahi kulalamika. Ramadhani ilipoingia aliniuliza ninalala saa ngapi nikirudi kutoka shifti ya usiku, na tangu siku hiyo wanawe hawakukimbizana tena juu ya kichwa changu asubuhi.

Mwaka mpya wa Kiyahudi ukaangukia humo humo ndani ya Ramadhani. Mama akanieleza kwamba baba yake anakuja kukaa nao sikukuu yote. Alikuwa mzee sana, hana meno, na tumbo lake halikukubali kitu isipokuwa supu ya kuku, nayo iwe ya moto. Akaanza pia kunieleza habari za jiko na mshumaa. Mimi nilikuwa nimeshika ufunguo wa gari, nachelewa kazini Maplewood, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nikaitikia, "Ndiyo, ndiyo, hakuna shida," huku mguu mmoja uko nje.

Kazini siku zile walikuwa wametupa mafunzo ya kujikinga na moto. Mwalimu alituonyesha picha za nyumba zilizoteketea kwa ajili ya jiko lililosahauliwa, nami nikatoka pale najiona zimamoto kamili. Nilikwenda dukani kununua betri mpya ya king'ora cha moshi ingawa ya zamani ilikuwa nzima.

Basi asubuhi narudi, nina saumu, macho mazito. Nyumba kimya, wote wametembea kwenda sinagogi. Jikoni naona nini? Gesi inawaka taratibu chini ya bati lililofunika jiko, na juu ya bati sufuria. Kando ya sinki, mshumaa mnene ndani ya glasi unawaka peke yake. Nywele zilinisimama. Nikasema moyoni, watu hawa Mungu anawapenda kweli, wangerudi wakute majivu. Nikazima gesi, nikaupuliza mshumaa, nikashuka kulala kwa raha zangu.

Mchana niliposikia wamerudi nilipanda mbio kuwapa habari njema.

"Mama, mlisahau jiko," nikasema. "Nimewazimia, na mshumaa pia. Muwe mnaangalia, mtaunguza nyumba siku moja."

Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe. Mzee alikuwa ameshakaa, amefungwa leso kifuani, kijiko mkononi. Mama alimtazama baba yake, kisha akanitazama mimi.

"Ahsante kwa kutujali," akasema.

Baadaye kidogo akashuka mpaka mlangoni kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Jikoni sasa hakuna moto kabisa," akasema. "Na baba yangu supu ya baridi haimpiti kooni."

"Pole sana," nikamwambia.

Akangoja. "Angefurahi sana kama ingekuwa ya moto."

Mimi nimekulia Tanga, kwa watu ambao hawakuombi chumvi, husema tu mchuzi wa leo umepooza, nawe unainuka kuileta. Maneno ya kuzunguka nayajua tangu utoto. Lakini siku ile nilikuwa bingwa wa moto, na bingwa hasikii. Nilidhani ananieleza maradhi ya mzee. Nikamkatia kipande cha tangawizi niliyoiweka kwa ajili ya futari, nikamweleza aitwange, amkamulie mzee maji yake, tumbo litatulia. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akapanda ngazi.

Magharibi nilipika uji kwenye jiko langu dogo la umeme, nikautia pilipili manga, nikaunywa ukiwa bado unafuka mvuke. Juu yangu nilisikia sahani na vijiko vikigongana, na kukohoa kwa mzee.

Sikukuu ilidumu siku mbili. Ilipokwisha, mama akaniletea sahani ya keki ya asali, waliyoniwekea nifuturie. Nikamuuliza kama tangawizi ilimfaa mzee. Akacheka kidogo, akaketi kwenye ngazi, akanieleza lile nililolikatiza na ufunguo wangu wa gari. Siku kama zile dini yao hairuhusu kuwasha moto mpya. Wanaruhusiwa kutumia uliokwisha kuwashwa, kwa hiyo huuacha ukiwaka jikoni, na ule mshumaa mnene ndio akiba yao jiko likizimika.

"Na mzee alikula nini?" nikauliza.

"Mkate, tuliuloweka kwenye supu ya baridi. Aliacha karibu wote."

"Kwa nini hukuniambia niwashe?"

"Dini hainiruhusu hata kukutuma kazi nisiyoruhusiwa kuifanya mwenyewe," akasema. "Nilikuja kukueleza hali ilivyo tu."

Niliiweka chini ile sahani ya keki. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, nikasema samahani mara nyingi hata yeye akachoka kuitikia.

Kwetu Tanga, kiberiti kikikosekana, mama yangu alikuwa akinipa kigae niende kwa jirani kuomba kaa la moto. Sikumbuki hata nyumba moja iliyowahi kunirudisha na kigae kitupu, hata kwa wale tuliogombana nao. Mwanamke yule alisimama mlangoni pangu kwa ajili ya baba yake, amekuja kuomba moto, na mimi nikampa tangawizi.