Bibi Harusi Si Embe

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, hata kichwa hiki kikibaki na akili ya kujaza kijiko tu, hiyo haitatoka. Ilikuwa Disemba, miaka ya themanini na kitu, saa ya chakula cha mchana, nami ni weita katika hoteli moja pale Bofa, Kilifi. Wageni walijaa hata nikadhani huko Ulaya wamebaki paka peke yao. Joto la kukaanga yai juu ya kofia. Mara mlinzi akaja mbio: "Karisa, getini nyuma kuna mama akutaka. Asema usipotoka, aingia mwenyewe mpaka bwawani na kanga zake."

Nikajua ni shangazi yake Dama. Mama yule hakuwa na mzaha. Akikutazama, waweza kuungama hata dhambi za jirani.

Ngoja nikueleze kidogo, nipumzishe na magoti haya. Dama alikuwa mchumba wangu, apiga pasi mashuka katika hoteli hiyo hiyo. Mnazi wa uchumba ulikuwa umekwisha kunywewa kwao zamani, hata walevi wameshasahau ladha yake. Kilichobaki ni harusi, na mwenye kuichelewesha ni mimi. Si kwamba sikumpenda. Nilimpenda hata chumvi nikitia chaini nasema ni sukari. Lakini kila Januari niliwaona maharusi wa kizungu wamekaa ufukweni, bahari imetulia kama chai kwenye kisosi, nami nikaapa: Dama nitampeleka kisiwani Lamu, fungate yetu iwe Januari, kama wao.

Basi Januari ndiyo mwezi ambao weita hata kupiga chafya aomba ruhusa. Nikiomba likizo, meneja acheka mpaka miwani yamdondoka. Nikasema, haya, mwaka ujao. Kaskazi ikapita, ikaja nyingine, ikapita. Dama akisema twende mwezi mwingine, mimi kila mwezi nauona kilema. Aprili mpaka Juni, mvua ya masika. Julai, kusi yavuma, bahari ina hasira ya mama mkwe. Agosti wageni warudi. Oktoba maji ni safi waona mpaka samaki akikunja uso, lakini mara hoteli yapokea kundi, likizo yafutwa. Hata mwaka ungekuwa na miezi thelathini, mimi ningeikosoa yote.

Nikatoka getini, trei bado mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Harusi lini?"

"Shangazi, nangoja mwezi mzuri. Januari bahari huwa..."

"Januari ya mwaka gani? Ya kiama?"

"Subira huvuta heri, shangazi."

"Na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Sikiza. Kaka yangu amepata mgeni, mwanamume wa Marafa. Ana mbuzi wengi hata mwenyewe apotea kati yao. Hakuulizia bahari huyo. Aliuliza Dama yuko wapi."

Mwanangu, nilihisi moyo umeshuka mpaka kwenye soksi.

Mama yule akanitazama miguu. Ilikuwa imevimba, viatu nimevikanyaga kisigino. Sauti ikampungua. "Hebu niambie. Mzungu aja huku Januari, akimbia nini?"

"Baridi ya kwao, shangazi."

"Na wewe wakimbia nini?"

Nikasimama pale, mchuzi watiririka kutoka kwenye trei waingia kwenye kiatu. Tangu nianze kazi sijaulizwa neno kama hilo. Nikasema, "Nakimbia kuchoka."

"Na Dama?"

"Naye amechoka, shangazi. Hata akijifukiza udi, anukia pasi."

"Hoteli yenu hufungwa lini?"

"Mei, mvua ikishika."

"Basi. Bibi harusi si embe, akangojewa msimu. Nakwenda kumwambia kaka yangu Mei. Ukinitajia Juni, mbuzi wa Marafa watakutangulia." Akaondoka. Nilimkaribisha maji, akasema atakunywa kwake.

Tukaoana Mei. Mvua ilinyesha siku ile kama mbinguni kuna mtu kasahau kufunga mfereji. Mabati ya kanisa yalipiga kelele hata kiapo sikukisikia, nikajibu "ndiyo" kwa kukisia. Dama husema yeye alisikia kila neno, na ndiyo maana hunikumbusha mpaka leo.

Kesho yake tukapanda basi la Lamu. Kule Garsen tope lilitumeza, tukashuka kusukuma, nikasukuma hata nikadhani nimeoa basi. Kwenye mashua ya kuvukia, mawimbi yakamgeuza Dama rangi ya manjano. Akaniuliza polepole, "Karisa, hii ndiyo raha ya wazungu?" Nilimwona machoni yuko mbali, nikajua aiona Marafa.

Tulipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, Bi Zuhura. Asubuhi mvua haijakatika, nami nimesimama mlangoni na mwavuli, namhimiza Dama twende ufukweni, kwa sababu ndivyo nilivyoona hotelini. Bi Zuhura akaja na mbaazi na mahamri, akanizuia kwa sinia. "Wampeleka wapi bibi harusi wa watu? Fungate hukaliwa ndani. Wazee hawakuwa wajinga. Rudi ukalale."

Tukalala, mwanangu. Tulilala hata Bi Zuhura akaja kubisha kujua kama tu hai au akamwite sheikh. Mvua juu, sisi chini, hakuna kengele, hakuna wa kupiga vidole akuita. Siku tulipoamka kisawasawa, Dama akanitazama sana.

"Wajua, miaka yote hii sijapata kukuona umekaa."

"Nami sijapata kukushika mkono usio na moto wa pasi."

Akacheka, kisha akalia. Akaniambia kweli yake: alikuwa amekwisha kukubali kwenda Marafa. "Si kwa mbuzi," akasema. "Nilichoka kuwa mke wa mwaka ujao."

Nilimmenyea chungwa, tukala.

Sasa wewe waniuliza mwezi gani uende kisiwani na mwenzio. Nimechoka kuulizwa, lakini nitakujibu, usije ukamuuliza mwongo kunishinda mimi, ingawa huyo utamtafuta sana. Wataka bahari tulivu, nenda Januari au Februari, utaoga jasho na umati. Wataka maji safi na nafasi, Oktoba. Wataka baridi ya kulalia, Julai, ila usipande mashua umeshiba. Lakini kabla ya kuuliza mbingu, muulize mwenzio amechoka lini na yuko huru lini. Mwezi mzuri ni ule nyote wawili mko, mikono haina kazi. Mvua hukatika, mwanangu. Mtu aliyechoka kungoja, huyo akishaondoka harudi.

Nenda, na Mungu awatangulie. Awape usingizi wa pamoja na njaa ya pamoja, na siku mtakapokuwa wazee kama sisi, awape bado la kuambizana mkiwa mmefungiwa ndani na mvua. Amina. Sasa niachie nilale.