Pigo la Nne

Bendi ikianza tu kushusha vyombo katika mji mgeni, mpiga besi keshapotelea mtaani, kamera kifuani. Akimwona mtu wa kumpiga picha, vidole vyake vyenye sugu hugonga paja, moja, mbili, tatu. Pigo la nne, anabonyeza. Ziara ikirudi mji huo, humpelekea mwenyewe picha yake. Leo alimfuata fundi viatu aliyejiziba uso kwa kiatu mwaka jana. Fundi akaitazama picha: soli, na masikio mawili yamechomoza kando. Akacheka mpaka msumari ukamtoka mdomoni, kisha akavua aproni, akakaa wima.

"Haya, piga. Tangu uliposema utarudi, sijaacha kunyoa ndevu hata siku moja."

Vidole vikagonga paja. Moja, mbili, tatu.