Safari ya Chiriku Wawili wa Mama

Mama alikubali kuhama kijijini kwake Keza aje kwetu kwa sharti moja, na alilitamka mbele yangu na mbele ya mume wangu, mdomo umemwenda upande kwa kiharusi: "Chiriku wangu wakifika wazima na wakikaa wazima, nakaa kwenu. Wakifa, mnanirudisha nyumbani kwangu." Nikasema sawa, Mama. Ningekataaje? Alikuwa anaishi peke yake, mkono wa kushoto haushiki hata kijiko, na mimi ndiye mtoto pekee aliyembakia.

Chiriku wenyewe walikuwa wawili, wa manjano, hawajai hata kiganja. Mdogo wangu aliwatega kwa ulimbo kwenye shamba la ulezi, akawatengenezea tundu la fito, akampa Mama, kisha akaenda kuchimba dhahabu. Shimo likamfukia. Tangu hapo Mama akawa anaongea zaidi na wale ndege kuliko anavyoongea na sisi watu. Siwezi kusema sikuona wivu. Niliona, tena sana.

Safari yao aliisimamia yeye, amekaa kitini anatoa amri. Toa kopo la maji, litamwagika walowe wafe kwa baridi. Weka kipande cha tango, watapata maji humo. Toa ile fimbo inayoning'inia, itawagonga gari likiruka. Funika kwa kanga pande tatu, wa nne uache wapumue. Usiwashikeshike. Usiwatupe kwenye buti kama kuku wa mnadani.

"Mama, basi, nimesikia!" nikamjibu, maana hasira zangu ziko karibu.

"Wewe tangu utotoni una haraka, mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa Kihangaza chetu. "Ndiyo maana nasema mara mbili."

Tulikodi mchomoko, zile gari ndogo zinazopakia watu wanane kwenye viti vya watano, uje kutoka Rulenge utuchukue sisi tu mpaka Biharamulo. Tundu nililipakata mwenyewe. Vumbi jekundu lilipoanza kuingia nikamfokea dereva afunge dirisha. Tuliposimama Kasulo nikamfokea tena kwa kuegesha juani. "Dada, hawa ni ndege au ni wagonjwa?" akauliza. Tukacheka wote, hata Mama, kwa ule upande uliobaki. Tulipofika nyumbani mapaja yangu yalikuwa yamekufa ganzi, lakini chiriku walikuwa wazima, na kesho yake asubuhi dume akaimba. Mama akalia. Nami nikajisifu moyoni: mmeona, mwenye haraka kaweza.

Kosa lilikuja siku ya nane. Nikaona vidudu vidogo vinatembea kwenye fito za tundu: utitiri, ule ule wa kuku. Sasa, ukoo wa mume wangu ni wafugaji, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na pale kwetu kila mdudu ana dawa moja, ya kuogeshea ng'ombe. Kupe, dawa hiyo. Viroboto wa mbwa, dawa hiyo. Kunguni wa kitandani, hiyo hiyo, na hakuna aliyekufa. Mama alikuwa amelala mchana. Nikawahamishia ndege kwenye kapu, nikachanganya dawa kwa kukadiria tu, nikalisugua tundu, nikalianika juani. Lilipokauka nikawarudisha. Nilitaka aamke akute pasafi. Mungu shahidi, ni hilo tu nililotaka.

Kumbe fito zinakunywa dawa, na chiriku anatafuna fito. Kabla ng'ombe hawajarudi zizini jike alikuwa chini, manyoya yamevimba, mdomo wazi, anatetemeka. Dume akamfuata, wakafa wote wawili. Mama alikuwa ameamka, anatazama.

"Umewapa nini?"

"Sijawapa kitu. Labda baridi."

"Lete mkono."

Nikampa. Akaunusa taratibu, kiganja, kisha vidole, kisha akauachia. Hakunipigia kelele. Laiti angenipigia! "Nirudishe Keza," akasema.

Sikumrudisha. Nilisema paa linavuja, nikasema nani atakupikia, nikasema tutatafuta wengine. Jamani, wengine! Mume wangu akasema ahadi ni ahadi. Nikamwambia anyamaze, yule si mama yake. Yote niliyosema kuhusu paa yalikuwa kweli, lakini hata siku ile niliyoahidi nilijua kwamba paa linavuja. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jioni ile nikachemsha maji ya kumwogesha, kama nilivyofanya kila jioni tangu aje. Akaukunja mkono wake mzima kifuani. "Mwite wifi yako."

Wifi, dada wa mume wangu, hajui neno hata moja la Kihangaza. Wakawa wanaelewana kwa Kiswahili cha kubahatisha, nami nasikia maji yakimwagwa nyuma ya pazia. Nikadhani ni hasira za siku mbili tatu. Ikawa miezi yote iliyobaki. Chakula changu alikula. Shikamoo yangu aliitikia. Kumgusa tu ndiko alikokataa. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, nikalia mpaka sauti ikakauka. Akasema amenisamehe zamani, niinuke, sakafu ina baridi. Siku iliyofuata nikabeba beseni kwa moyo mweupe.

"Mwite wifi yako."

Alikufa wakati wa masika, kwetu, mbali na kwake. Wanawake wa jirani wakaniita nikamwoshe, kwa kuwa mimi ndiye binti. Nilifika mpaka mlangoni, nikampa wifi beseni, nikarudi nje. Wakasema masikini, amezidiwa na uchungu. Hawakujua kwamba Mama alikuwa amenikataza.