Katekista Anatoli na Hiari ya Bibi Nyamwiza

Anatoli alikuwa mkulima wa mihogo na maharage huko Runazi, wilayani Biharamulo, na kwa miaka mingi alikuwa pia katekista wa kigango, kanisa dogo lisilo na padri wake. Padri alifika mara chache, hasa wakati wa kiangazi, barabara ilipopitika. Siku nyingine zote ni Anatoli aliyewafundisha wakatekumeni waliojiandaa kubatizwa, aliyezika na, mtu alipokuwa katika hatari ya kufa, aliyebatiza.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la hiari. Wazee waliokuja kwake walizoea kwenda kwa mfumu, yaani mpiga ramli, ambaye humpasua kuku na kusoma katika matumbo yake nani ataishi na nani atakufa. Anatoli aliwaeleza kwamba Wakristo wa kwanza nao waliishi kati ya watu wa namna hiyo, ila wale walisoma nyota. Walimu wa Kanisa wa karne zile walikataa. Waliuliza: kama nyota ndiyo inayomfanya mwizi aibe, Mungu atamhukumuje? Wakafundisha kwamba binadamu amepewa uwezo wa kuchagua. Baadaye askofu mmoja wa Afrika ya Kaskazini aliandika kirefu kuitetea hiari hiyo, ingawa uzeeni alisisitiza kwamba utashi wa mtu umejeruhiwa, hausimami bila neema.

"Utumbo wa kuku hauchagui kitu," Anatoli alikuwa akimalizia. "Unachagua wewe. Mungu mwenyewe hakulazimishi."

Bibi Nyamwiza, mjane aliyeishi peke yake, alilishika somo hilo kuliko wenzake wote. Alibomoa kibanda cha mizimu nyuma ya nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, akawa anaisubiri Pasaka abatizwe.

Pasaka haikuwahi. Mwishoni mwa mwaka 1974 ilikuja operesheni ya serikali ya kuwahamishia watu katika vijiji vipya, na watu wakaambiwa wahame kabla mvua hazijakolea. Katibu wa chama aliyesimamia kitongoji chao, kijana aitwaye Xavery, alikuwa amewahi kusoma seminari. Alimfuata Anatoli shambani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Yule bibi yako Nyamwiza amegoma. Mwambie apande lori kwa hiari yake, kabla hatujaezua nyumba."

"Kama mnaezua, hiari iko wapi?"

Xavery alicheka. "Mwalimu, na mimi Injili nimesoma. Yule mwenye karamu alisemaje? Washurutishe waingie ndani!"

Anatoli hakucheka. Padri aliwahi kumsimulia kwamba yule askofu wa Afrika, mtetezi wa hiari, alitumia maneno hayohayo alipokubali serikali iwalazimishe Wakristo waliojitenga warudi kanisani. Anatoli hakuwa ameelewa mtu mmoja anawezaje kufanya yote mawili. Hata hivyo aliogopa, akaenda kwa Bibi Nyamwiza.

"Tuhame tu, bibi. Wanasema huko kutakuwa na zahanati."

"Ulisema Mungu hanilazimishi. Huyu Xavery ni mkubwa kuliko Mungu?"

"Si mkubwa. Ana lori tu."

"Basi lori linibebe. Miguu yangu sitaitoa."

Kesho yake mgambo waliezua nyasi za paa, wakamnyanyua bibi akiwa ameketi juu ya kigoda chake, wakampakia. Kijiji kipya kilikuwa uwanja wenye vigingi vya kuonyesha nyumba zitakapojengwa, kando ya barabara ya Lusahunga. Zahanati haikuwapo. Mvua iliwakuta katika vibanda vya majani mabichi, na kifua cha bibi kikabana. Siku aliyoshindwa kumeza uji, binti yake Benedicta, aliyebatizwa tangu shuleni na sasa amekuja kumuuguza, alimwita Anatoli. Anatoli alikuja na kikombe cha maji, akauliza kama Kanisa linavyoagiza:

"Bibi, unataka kubatizwa kwa hiari yako?"

"Hapa sitaki kitu. Hapa nimeletwa. Niulize nikirudi kwangu."

"Huenda usirudi, bibi."

"Basi usiniulize."

Adhuhuri alipoteza fahamu. Benedicta alimshika Anatoli mkono.

"Mwalimu, mmwagie sasa. Hasikii. Nani atajua?"

Anatoli alisogeza kikombe juu ya paji la uso la bibi. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba bila maji yale huenda mama huyu angepotea milele. Aliamini pia kwamba kummwagia mtu aliyekataa ni kufanya kazi ya Xavery kwa jina la Mungu. Kisha akaweka kikombe chini. Kabla jua halijatua, Bibi Nyamwiza alikata roho.

Asubuhi wanaume walianza kuchimba kaburi mwishoni mwa vigingi, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa amezikwa bado. Benedicta alimkuta Anatoli nje ya kibanda.

"Maji yalikuwapo," alisema.

"Alikataa, mwanangu. Ulimsikia kwa masikio yako."

"Nilimsikia. Alikataa kijiji. Wapi alimkataa Mungu?"

Anatoli, aliyekuwa na jibu kwa kila swali la katekisimu, hakuwa amelifikiria hilo alipokuwa ameshika kikombe. Benedicta aliingia ndani kumwosha mama yake. Anatoli akachukua jembe lililoegemezwa mlangoni, akawafuata wachimbaji.