Anayedaka Hahesabu

Bi Hindu Mbaruk wa Shella, Malindi, ana umri wa kuamkiwa na mtaa mzima, lakini mpe komwe mkononi umwone. Komwe ni zile mbegu ngumu za kijivu ambazo wanaume huchezea bao. Yeye bao halimhusu. Komwe zake ni za mdako: unarusha moja juu, unachota za chini kwa mkono uleule, kisha unaiwahi ile ya juu kabla haijaanguka. Wenzake wa rika lake waliachana na mambo hayo zamani, siku hizi wakikutana ni habari za magoti tu. Bi Hindu naye ana magoti, tena mabovu, ila huwezi kumsikia akiyataja mchezo ukiwa umemkolea.

Kazi yake ni kusuka mikeka, na ukindu unaobaki hautupwi. Ukiingia kwake utakuta nyoka wa kuvishwa kidoleni, mpira usiodunda vizuri, na kititia, kile kipepeo cha majani kinachozunguka mtoto akikimbia nacho. Mjukuu wake Batuli alijifunza kutembea kwa kukifukuza kititia ambacho bibi yake alikuwa akikisogeza mbele kidogo, na tena kidogo, huku akirudi kinyumenyume mpaka akajigonga mlangoni.

Batuli aliletwa kwake akiwa wa kubebwa. Mama yake, Swabra, ndiye binti pekee wa Bi Hindu. Yeye na mumewe Twahir walikuwa wamepata kazi Isiolo, wakiishi chumba kimoja, hakuna wa kuwaangalizia mtoto. Mtoto akakua vyema, akanenepa, isipokuwa alichelewa kusema. Wenzake walikuwa wakigombana kwa maneno mazima naye anaonyesha kwa kidole. Hapo kila jirani akawa tabibu. Huyu ana asali ya kupakwa ulimini, yule ana kisomo. Bi Hindu aliwashukuru wote kwa adabu, akamkalisha mtoto barazani na kumwaga komwe sakafuni.

Nyumbani kwao mdako una sharti lake, ambalo mama yake Bi Hindu alikuja nalo kutoka Faza: anayedaka hahesabu. Mwenye zamu hufunga mdomo, mwenzake ndiye humhesabia. Usipohesabiwa, hukupata kitu. Ni kwa ajili ya kuzuia wizi, husema Bi Hindu, na utotoni mwizi mkubwa alikuwa yeye. Basi akarusha, akachota, akadaka, kisha akatulia na ngumi yake hewani akimtazama mtoto. Mtoto naye akamtazama. Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata vilevile, hata wapita njia wakaanza kumwonea huruma bibi mwenyewe. Asubuhi moja, mahamri yakiwa kwenye mafuta, Batuli akatazama ile ngumi, akasema, "Moja."

Mahamri yakaungua yote. Neno "mama" lilikuja baadaye sana, jambo ambalo Swabra hajaambiwa mpaka leo.

Tangu hapo wakawa wawili wa mdako. Bi Hindu akirusha, Batuli anahesabu. Batuli akirusha, kwa vile vidole vyake vifupi vilivyokuwa vikizidi kuwa vyepesi, Bi Hindu anahesabu.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Swabra alikuja kumchukua mwanawe. Mtoto alikuwa amefika umri wa kuanza nasari, na pale Isiolo wamehamia nyumba yenye nafasi. Haki yake, nani atamkataza? Bi Hindu alifunga kititia na vifuu vya kupikia mchanga, Swabra akavitoa begini taratibu. "Mama, huko vipo vya plastiki, vizuri tu." Komwe hazikuingia begini kabisa. Bi Hindu alizifunga pembeni mwa leso yake, akajiambia zingepotea njiani. Ukweli ni kwamba alitaka kitu kimoja cha mtoto kibaki.

Nyumba ikawa safi. Hakuna mchanga ndani ya sukari, hakuna wa kufumua ukili uliokwisha kusukwa. Aliichukia nyumba ile. Kila jioni alipiga simu, na Swabra aliiweka sikioni mwa mtoto. "Batuli? Batuli wangu?" Alichosikia ni pumzi tu. Miezi ikapita hajaisikia sauti ya mjukuu wake, na akawa ananunua salio kwa ajili ya pumzi.

Kisha Swabra akapiga mwenyewe, sauti imebadilika. Mwalimu anasema Batuli hajui kuhesabu. Amemwagiwa vifuniko vya soda mezani, akaambiwa ahesabu. Anachukua kimoja, anakiweka kando, anamtazama mwalimu, kimya. Wameshindwa naye. Likizo ya Agosti haji Malindi tena kama walivyoahidi, atabaki asomeshwe nyumbani. "Na huko kwako, Mama, mlikuwa mkicheza tu."

Neno hilo lilimchoma.

Aliyemkuta analia juu ya mkeka ni Dorcas, mpangaji wake wa chumba cha uani, msichana wa Matsangoni anayefundisha nasari hapo mtaani. Dorcas akaketi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Bi Hindu, hebu nirudishie hapo. Akishakiweka kile kifuniko kando, hufanya nini?"

"Humtazama mwalimu."

"Usoni?"

"Ati usoni."

"Basi huyo anangoja kitu. Mlipokuwa mkicheza hapa, alipokuwa akidaka yeye, nani alikuwa akihesabu?"

Bi Hindu akapapasa fundo la leso yake. "Mimi," akasema. "Lahaula! Ni mimi, Dorcas!"

Mtoto alikuwa akimngojea mwalimu amhesabie. Alikuwa anashika sharti aliloshikishwa, mbele ya watu wasiolijua, tangu Januari. Na kila jioni bibi yake alimsemesha simuni bila kumwachia nafasi yoyote ya kuingia. Dorcas akainuka, akakung'uta sketi yake. "Kuhesabu anajua. Wewe mpe zamu."

Jioni ile Bi Hindu alipiga simu akiwa ameketi barazani, miguu ameinyoosha, leso ameifungua.

"Swabra, mwanangu, leo sitaki kuzungumza na mtu. Iweke simu chini hapo alipo mtoto, ufungulie sauti yote."

"Mama, mambo gani tena haya?"

"Niwekee, mamangu. Hii mara moja."

Akaiweka ya kwake kando ya komwe, juu ya sakafu tupu. Akarusha. Komwe zikakwaruza saruji, ile ya juu ikatua kiganjani. Akafunga ngumi, akafunga na mdomo. Kitu kigumu kuliko vyote alivyowahi kufanya ni kutolitaja jina la Batuli wakati ule. Upande wa pili kulikuwa na sauti ya sufuria, mtu akipita, kisha pumzi ile ile.

"Moja," ikasema simu.

Bi Hindu akarusha tena.

"Mbili."

Kwa mbali Swabra akasikika akisema, "Ya Rabi, nilisahau." Naye alilelewa kwenye baraza hiyo hiyo, ila hakuwa mtoto wa kutulia. Bi Hindu alirusha mara ya tatu na macho yamejaa maji, asione kitu, komwe ikampita, ikaanguka, ikabingirika hadi ukingoni.

"Umekosa, Bibi!" Sauti ilikuwa imekomaa kidogo, na ilikuwa na furaha yote ya mtu aliyemshinda mkubwa. "Zamu yangu!"

Kulikuwa na vifuniko vya soda hata kule nyumbani Isiolo, vya kumsomeshea. Alivisikia vikimwagwa. Akasikia mlio mmoja, kisha kimya. Mtoto alikuwa anangoja.

Hapa lilikuwepo sharti jingine, la zamani kuliko simu: humhesabii mtu usiyeuona mkono wake. Hangeweza kujua kama mtoto amedaka au amekosa, au kama vile vidole bado ni vifupi. Vilikuwa Isiolo, na Agosti haikuwa imeahidiwa upya na mtu yeyote.

"Moja," akasema Bi Hindu.

Mlio, kimya.

"Mbili."

Akaendelea kuhesabu, akavipita vifuniko vyote ambavyo mtoto angeweza kuwa navyo, ili zamu isiishe.