Siku Kukhu Alipokwenda Kuomba Nafasi ya Kuketi

Mwezi uliopita nilimpeleka mama kupima presha katika zahanati yetu, kule upande wa Butere. Siku hizi kuna jengo jipya, lina vigae sakafuni na viti vya plastiki. Nikiwa nasubiri nilizunguka nyuma kunyoosha miguu, nikakikuta kile chumba cha zamani cha kujifungulia. Wamekifanya stoo. Nilichungulia dirishani, nikaona maboksi ya neti za mbu na kitanda cha chuma kilichoegemezwa ukutani. Nilisimama pale mpaka mama akatuma mtu anitafute.

Ngoja nikueleze kwa nini.

Nilikulia katika boma lililozungukwa na miwa. Trekta zilipita na matrela yao, vyuma vikigongana, nasi watoto tukikimbia nyuma kuokota miwa iliyodondoka. Alasiri mvua ilipoanza tulikimbilia jikoni kwa nyanya. Tulimwita kukhu, kama kwetu wote wanavyowaita nyanya zao. Jiko lake lilinukia moshi na majani ya kunde yaliyochemshwa kwa chumvi ya majivu. Alikuwa mama mzazi wa baba, na alikuwa mkunga. Watoto wengi niliocheza nao alikuwa amewapokea yeye, na wakimletea ujeuri aliwaambia, "Wewe nyamaza. Mimi ndiye nilikuona kwanza, na hukuwa hata na nguo."

Mimi hakunipokea. Mama alinizaa hospitalini, mjini, akiwa msichana tu. Alilazwa peke yake, kukhu akaachwa getini na chupa yake ya chai. Alipolia alifokewa. "Waliniuliza kama nililia hivyo nikiitafuta hiyo mimba," mama aliniambia nilipokuwa mtu mzima, na hata wakati huo alikuwa akitazama pembeni. Aliapa hatarudi.

Kwa hiyo mtoto wa pili alizaliwa nyumbani, mikononi mwa kukhu. Uchungu ulianza alfajiri, na nilipotoka shule ulikuwa bado unaendelea. Alikuwa mvulana. Alitoka amechoka, hakulia hata kidogo. Walimzika karibu na migomba, na hakuna mtu aliyetueleza kitu. Ninachokumbuka ni kwamba kukhu aliacha kuimba akipepeta mahindi, na wanawake walipokuja kumwita alisema mgongo unamuuma.

Kisha mama akapata mimba nyingine. Furaha haikuingia nyumbani, iliingia hofu. Tumbo lilikuwa kubwa tayari wakati jioni moja, tukipukuchua mahindi, mama alisema polepole, "Mama, huyu nitamzalia hapa kwako."

Kukhu aliweka gunzi chini. "Hapa hapana, mwanangu. Yule mwingine nilimshika hivi, nikakosa cha kumfanyia. Sitaki kukosa tena."

"Sasa niende wapi? Kule nikatukanwe?"

Kukhu aliokota gunzi lake, akaendelea kupukuchua.

Kesho yake alivaa gauni lake la kanisani, na haikuwa Jumapili. Akanishika mkono, tukaenda zahanati. Kulikuwa na mkunga mpya aliyesomea kazi hiyo, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, ambaye kila mtu alimwita sista. Kukhu hakuketi alipoambiwa aketi.

"Sista, mimi huzalishanga watu huko kijijini," alisema. "Najua hamtupendi. Sikuja kubishana. Mke wa mtoto wangu ataka kuzaa, na anaogopa watu wa hospitali. Nimekuja kuomba kitu kimoja. Akija hapa, niketi karibu yake."

Nilidhani atafukuzwa. Sista alimtazama, akavuta kiti kingine akakiweka kando ya chake. "Keti kwanza, mama. Nieleze mimba zake za mbele zilikuwaje."

Kukhu alieleza yote. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, na siku hiyo nilimwona. Sista hakumkemea. Alisema, "Mlete kliniki, uje naye mwenyewe. Na siku ikifika utaketi pale karibu na kichwa chake. Mimi nitakaa upande huu mwingine."

Walikwenda kliniki pamoja, mama akiburuta miguu mara ya kwanza, lakini siyo mara ya pili. Siku ilipofika ilikuwa asubuhi ya jua. Waliondoka kwa bodaboda, mama katikati, kukhu nyuma amemkumbatia kama mzigo wa vyungu. Mimi niliachwa nipike na kufagia, na sikumbuki kama nilifanya hata kimoja.

Yaliyotokea huko mama ametusimulia mara nyingi. Hakulazwa chali na kuachwa. Sista alimruhusu atembee, akamwambia kila anachotaka kukifanya kabla hajamgusa. Kukhu alimsugua kiuno, akamnywesha uji wa wimbi, na uchungu ulipopanda aliimba kwa sauti ya chini. Mtoto alitoka analia, msichana. Kisha damu ikaanza kutoka, na haikukata. Mama anasema alisikia chumba kikienda mbali. Sista alimdunga sindano, akawa anakanda tumbo kwa nguvu, huku akisema bila kuinua kichwa, "Mama, ongea naye! Asilale!"

Kukhu akaongea. Aliongea habari za ng'ombe aliyevunja ua, za mzee wake aliyekufa zamani, za ingokho, yule kuku mwekundu aliyemfungia bandani kwa ajili ya mchuzi wa mzazi. Aliongea mpaka damu ikakata.

Baadaye, wakinywa chai wote watatu, kukhu alimgusa mama begani. "Huyu, kwangu, ningempoteza," alisema.

"Na bila wewe, mama, hangefika hapa," sista akamjibu.

Tangu hapo kukhu hakuzalisha tena. Lakini alirudi kuitika wito. Mwanamke akishikwa na uchungu alifunga leso, akabeba chupa ya uji, wakaenda zahanati wawili. Sista alimwekea kiti chake. Wanawake waliokuwa wakijificha nyumbani walianza kwenda, mmoja baada ya mwingine, na vilio vya kuzika watoto wachanga, ambavyo utotoni nilidhani ni sehemu ya kila msimu kama mvua, vikapungua kijijini kwetu.

Kukhu ametutoka. Sista alihamishwa, hatukujua alikopelekwa. Miwa pia imepungua. Watu wamepanda mahindi na mikaratusi.

Mimi nilijifungulia mjini, Nairobi, hospitali safi yenye mashine kando ya kitanda. Wauguzi walikuwa wapole, ila walikuwa wachache na wenye mbio. Mwanangu alizaliwa salama, na ninashukuru. Lakini kulikuwa na saa moja hivi ambapo nilikodolea macho dari, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na hapakuwa na mtu wa kunieleza habari za ng'ombe.