Gesi Niliyoiachia Hewani

Kwa miaka mingi nimetengeneza frigo, haya majokofu ya nyumbani, hapa mtaani Buyenzi. Mota ikiharibika, nilikuwa naanza kwa kukata bomba la shaba ili gesi ya kupozea itoke. Inapiga mluzi, vidole vinapata baridi, basi, imekwisha. Haina rangi wala moshi, kwa hiyo sikuwahi kuifikiria.

Siku moja mwalimu mstaafu wa mtaa wa Ngagara, mama mtu mzima, aliniletea frigo yake akakaa kwenye benchi kungoja. Nilipokata bomba akauliza:

"Sasa iyo gesi inaenda wapi?"

"Inaenda juu, mama. Hewa ni kubwa."

"Ni kubwa, lakini haimezi kila kitu. Jua linapasha ardhi, joto linataka kurudi juu. Gesi kama iyo inalizuia, kama blanketi. Moshi wa magari nao unazuia, lakini iyo ya frigo, kidogo tu inashinda moshi mwingi. Usiiachie, mutoto wangu. Hamuna chombo cha kuivuta?"

Chombo nilikuwa nacho. Nilipewa pampu na mtungi kwenye mafunzo, nikavisukuma chini ya meza, maana kuvuta gesi kunakula muda na kukata bomba ni mara moja. Sikumwambia hilo. Nilisema:

"Mama, mi ndiye nitachemsha dunia na frigo moja?"

Mafundi wenzangu waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Yeye akatabasamu kidogo, akainamia mkoba wake kama anayetafuta kitu.

Miaka ikapita. Mvua zikazidi, redioni wakasema ni joto la dunia, na ziwa la mji wetu likapanda hadi nyumbani kwa dada yangu, karibu na ufuko. Tulitoa magodoro tukiyabeba kichwani, maji yakiwa kiunoni. Dada hakulia. Alishika mlango wake uliovimba akaniuliza, "Utakauka huu?" Najua si frigo zangu zilizopandisha ziwa. Lakini kicheko chetu cha siku ile kilinirudia.

Wiki hiyohiyo nilitoa ile pampu. Mipira yake ya kupitishia gesi ilikuwa imepasuka, nikanunua mingine. Tangu hapo navuta gesi na kuiweka mtungini, na wateja wananung'unika kwamba nachelewa.

Kisha nikaenda Ngagara kumwomba radhi yule mwalimu. Binti yake alifungua mlango.

"Mama alifariki mwaka jana," akasema. "Mulikuwa na neno naye?"

Nikampa pole. Nikasema apana, nilipita kumsalimia tu.